Kilo za Maji

Leo nataka kuzungumza na wewe uliyeamua kupunguza uzito. Huenda daktari amekushauri kwa sababu ya presha au sukari. Huenda magoti yanakuuma ukipanda ngazi. Huenda umeamua mwenyewe tu kwamba sasa basi. Umepunguza tonge la ugali, soda umeiacha, jioni unatembea, na kwa wiki mbili mizani imekuwa ikikupa moyo. Kisha Jumatatu moja asubuhi unapanda, unakuta umeongezeka kilo moja na nusu. Hujafanya ulafi. Jumamosi ulikwenda harusini, ukala sahani ya pilau na paja la kuku kama wenzako mezani. Sasa hiyo kilo moja na nusu imetoka wapi?

Hapo ndipo wengi wanapoishia njiani. Mmoja anasema kwao ukoo mzima ni wanene, kujitesa hakuna faida, na mchana huohuo anarudi kwenye chipsi. Mwingine anajinyima chakula siku mbili kwa hasira. Siku ya tatu njaa inamshinda, anakula kuliko alivyokuwa akila kabla hajaanza. Wa tatu anashika simu kutafuta chai ya kukata tumbo. Wote watatu wamefanya uamuzi mkubwa kwa namba moja ambayo hawakujua maana yake. Ninachotaka ubaki nacho leo ni hiki: kilo inayokuja kwa usiku mmoja, karibu kila mara, ni maji pamoja na chakula ambacho bado kimo tumboni. Mafuta ya mwili hayaji kwa kasi hiyo, wala hayaondoki kwa kasi hiyo. Ukilielewa jambo hili moja, mizani haitakuvunja moyo tena, na muuza chai hatakupata.

Tuanze na mizani yenyewe. Ukiikanyaga, inapima kila kilichosimama juu yake. Inapima mifupa, misuli, mafuta, damu, chakula cha jana usiku kilichomo kwenye utumbo, mkojo kwenye kibofu, viatu, na simu uliyoisahau mfukoni. Haina uwezo wa kukuambia kipi ni kipi. Na katika vyote hivyo, kikubwa kuliko vingine ni maji, kwa sababu zaidi ya nusu ya uzito wa mtu mzima ni maji. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Ukijipima sasa hivi, ukanywa chupa ya nusu lita, ukajipima tena papo hapo, umeongezeka nusu kilo, na hakuna hata gramu moja ya mafuta iliyoongezeka mwilini mwako.

Wataalamu wamelijua hili kwa muda mrefu. Miaka mia nne iliyopita, daktari mmoja wa Italia aliyeitwa Santorio Santorio alitengeneza kiti kilichoning'inia kwenye mizani kubwa. Akawa anakaa juu yake wakati wa kula na wakati mwingine, kwa miaka mingi, akipima alichokula, alichokunywa na kilichotoka mwilini. Mwaka 1614 alitoa kitabu mjini Venice akieleza alichokiona: sehemu kubwa ya uzito wa chakula na kinywaji ilikuwa ikipotea bila kuonekana, kwa njia ya pumzi na ngozi. Ndiyo maana hata wewe unaweza kulala na kilo fulani na kuamka umepungua nusu kilo bila kufanya lolote zaidi ya kupumua, kutoa jasho kidogo na kwenda msalani. Uzito wa mwanadamu haujatulia hata saa moja. Kwa watu wengi, kupanda na kushuka kwa kilo moja hadi mbili ndani ya siku chache ni jambo la kawaida kabisa.

Sasa tupige hesabu, kwa sababu hesabu inaondoa hofu. Kilo moja ya mafuta ya mwili inabeba nishati ya takriban kilokalori 7,700. Ili uongezeke kilo moja ya mafuta halisi, inabidi ule kilokalori 7,700 juu ya zile ambazo mwili wako ulizihitaji siku hiyo. Gramu 100 za unga wa sembe zina kilokalori kama 360. Maana yake, baada ya kushiba chakula chako cha kawaida cha siku nzima, uongeze ugali wa zaidi ya kilo mbili za unga, uumalize wote kabla ya kulala. Ile sahani moja ya pilau ya Jumamosi haifiki huko hata kwa mbali. Basi kilo moja na nusu ya Jumatatu haiwezi kuwa mafuta.

Hesabu ya pili ni ya upande wa kupungua. Mtu anayepungua kwa mwendo mzuri, usiomuumiza, hupoteza mafuta yapata nusu kilo kwa wiki. Gawanya gramu 500 kwa siku 7, unapata gramu 70 na kitu kwa siku. Hiyo ndiyo kazi yako halisi ya siku moja: gramu 70. Wakati huohuo maji yako yanapanda na kushuka kwa gramu elfu moja au zaidi. Kwa hiyo kilo moja ya maji iliyoingia baada ya harusi inaweza kufunika kazi ya wiki mbili nzima. Mafuta yamepungua, kazi umeifanya, lakini mizani haiwezi kukuonyesha mpaka maji yale yatoke. Wenzetu wa pwani wanajua: bamvua likijaa mpaka kwenye ngazi za forodhani, hakuna anayesema bahari imeongezeka.

Maji hayo yanakuja na sababu zake, na inafaa tuzijue moja moja.

Ya kwanza ni chumvi. Mwili hauvumilii chumvi nyingi ndani ya maji kidogo; ukiila, unapata kiu, unakunywa, na figo zinayashikilia maji mpaka chumvi ya ziada itoke. Ile dripu ya chumvi unayoiona hospitalini ina gramu 9 za chumvi katika kila lita moja, kwa sababu kiwango hicho kinakaribiana na cha majimaji ya mwili wetu. Hivyo gramu 9 za chumvi zikibaki mwilini, zinabaki na karibu lita moja ya maji, yaani kilo moja kwenye mizani. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kiasi cha kijiko kimoja cha chai. Fikiria sasa jioni yetu ya kawaida: chipsi zilizonyunyiziwa chumvi zikiwa bado za moto, mishkaki iliyolowekwa kwenye viungo vya pakiti, kachumbari yenye chumvi, mihogo ya kukaanga na pilipili yake, au ng'onda nyumbani. Kijiko kile kinapitwa upesi sana. Asubuhi pete inabana kidoleni, viatu vinabana, na mizani imepanda. Figo zikiwa nzima, ukarudi kwenye chakula cha chumvi ya kawaida, maji hayo hutoka yenyewe ndani ya siku chache.

Sababu ya pili ni wanga, na hapa naomba usikilize kwa makini, kwa sababu ndipo watu wengi wanapochanganyikiwa. Ukila ugali, wali, ndizi, viazi au chapati, mwili unatumia sehemu ya sukari yake na kuhifadhi nyingine kwenye ini na misuli kama akiba ya haraka. Akiba hiyo inaitwa glikojeni. Mtu mzima hubeba kama nusu kilo yake, robo tatu au zaidi ikiwa kwenye misuli. Kila gramu moja ya glikojeni huhifadhiwa pamoja na maji ya takriban gramu 3. Nusu kilo ya akiba, kilo moja na nusu ya maji: jumla kilo mbili. Sasa mtu anapoacha wanga ghafla, akiba ile inatumika siku za mwanzo, na maji yake yanatoka kwa mkojo. Wiki ya kwanza anapungua kilo mbili au tatu, anafurahi, anawatumia picha ya mizani wenzake kwenye kundi la WhatsApp. Siku akila wali kwa shangazi yake, akiba inajengwa upya, maji yanarudi, mizani inapanda kilo moja na zaidi, naye analia kwamba sahani moja ya wali imemharibia kazi yote. Haikumharibia kitu. Furaha ya wiki ya kwanza ilikuwa kubwa kuliko mafuta yaliyotoka, na huzuni ya siku hiyo ni kubwa kuliko mafuta yaliyoingia.

Ya tatu inawahusu akina mama na akina dada. Siku zinazotangulia hedhi, na siku ya kwanza ya hedhi yenyewe, homoni hufanya mwili wa wanawake wengi ushikilie maji. Matiti yanajaa, tumbo linakuwa gumu, sketi inabana, na uzito unaweza kupanda kuanzia nusu kilo hadi kilo mbili. Kisha hedhi ikiendelea, maji yanaondoka. Mwanamke anayelinganisha uzito wa wiki hiyo na wa wiki iliyotangulia atajihukumu vibaya kila mwezi, mwaka mzima. Alinganishe wiki ya hedhi ya mwezi huu na wiki ya hedhi ya mwezi uliopita. Waume na wachumba mnaosikiliza, nanyi mkumbuke hili kabla ya kutoa maneno kuhusu tumbo la mwenzenu.

Ya nne ni mazoezi yenyewe. Siku hizi Jumamosi alfajiri barabara za Dar es Salaam zimejaa vikundi vya jogging, watu wamevaa fulana za rangi moja, wanaimba na kukimbia. Ni jambo jema mno. Lakini mtu aliyekaa miaka bila mazoezi akikimbia au akichuchumaa mara nyingi, misuli yake inapata michubuko midogo isiyoonekana. Siku moja au mbili baadaye mwili wote unauma, hata kukaa kwenye kiti ni kazi. Maumivu hayo ni dalili kwamba misuli inajitengeneza, na katika kujitengeneza inavuta maji. Ndiyo sababu mtu anaanza mazoezi kwa ari na wiki ya kwanza anakuta ameongezeka. Asiache. Maumivu yakipoa, na maji hupungua.

Zipo nyingine ambazo sitazikalia sana. Ukikosa choo siku mbili tatu, uzito wake unaubeba. Safari ndefu ya basi, kutoka Mwanza mpaka Dar es Salaam umekaa tu, hukusanya maji miguuni. Na zipo dawa zinazobadilisha maji au hamu ya kula, kama zile za jamii ya steroidi, na sindano ya uzazi wa mpango kwa baadhi ya wanawake. Ukihisi dawa ndiyo chanzo, muulize aliyekuandikia. Usiiache kwa uamuzi wako mwenyewe.

Msikilizaji, maji haya yanayokuvunja moyo yakipanda ndiyo yanayotumika kukudanganya yakishuka. Upande huu wa pili unaniuma zaidi, kwa sababu pesa za watu zinapotea na afya zao zinaharibika. Unaahidiwa kupungua kilo tano kwa siku saba. Unanunua chai, unaanza kuharisha. Au unapewa vidonge, unaanza kwenda haja ndogo kila nusu saa. Mizani inashuka kweli. Kilichotoka ni kinyesi na maji. Mafuta yako yako palepale yalipokuwa, na ukinywa maji na kula siku mbili, kilo zinarudi. Muuzaji atakuambia zimerudi kwa sababu umeacha chai, ununue pakiti nyingine. Wakati huohuo kuharisha na kukojoa kwa nguvu ya dawa kunatoa madini ya mwili, hasa potasiamu, ambayo moyo unaihitaji ili upige kwa mpangilio. Dawa za kutoa maji zina kazi yake kwa wagonjwa wa moyo, figo na presha, na daktari huziandika akijua kwa nini. Mtu mzima wa afya hana sababu ya kuzimeza ili aridhishe mizani.

Ndivyo ilivyo pia kwa kujifunga nailoni tumboni au kuvaa makoti mawili wakati wa kukimbia jua likiwaka. Mtu akitoa jasho jingi anaweza kupoteza lita moja kwa saa, na mizani itaonyesha kilo imeondoka. Ni lita ya maji, na mwili unaidai. Mabondia wanaijua njia hii, kwa kuwa lazima wafikie uzito wao siku ya kupimwa kabla ya pambano. Na hata kwao ni hatari. Mwaka 1997 nchini Marekani, vijana watatu wanamieleka wa vyuo vikuu walikufa ndani ya muda wa wiki kama tano. Walikuwa wakifanya mazoezi kwenye joto wakiwa wamevaa mavazi ya kuwatoa jasho, ili washuke uzito upesi. Walikuwa vijana wenye nguvu, wanamichezo. Baada ya vifo hivyo kanuni za mchezo huo vyuoni zilibadilishwa. Nalitaja hili ili mtu yeyote anayefikiri maji ni kitu cha kuchezea apate kutafakari.

Kuna pia maneno ya watu. Katika jamii yetu uzito wa mtu ni mazungumzo ya wazi. Unaingia msibani au kwenye kikao cha harusi, shangazi anakushika mkono: "Mwanangu umenenepa!" Ukipungua, jirani anauliza: "Umekonda, unaumwa?" Wengi wanasema kwa upendo. Lakini mtu aliyeko katikati ya safari hii, aliyejinyima na kuamka alfajiri, neno kama hilo siku mizani imepanda linamwangusha. Nawaomba wasikilizaji mlio na ndugu anayejitahidi: muulizeni anajisikiaje, anapanda ngazi vipi, presha yake ikoje. Maswali hayo yana maana kuliko ukubwa wa shavu lake.

Sasa tufanye nini? Kwanza, jipime kwa utaratibu mmoja. Asubuhi, baada ya kutoka msalani, kabla ya kula na kunywa, ukiwa na nguo ileile nyepesi. Mizani ikae juu ya sakafu ngumu, saruji au vigae. Zulia na mkeka vinaipotosha. Tumia mizani ileile. Leo ukipimwa na kijana mwenye mizani pale Kariakoo saa tisa mchana, umevaa viatu na umeshakula, kesho ukapimwa kliniki asubuhi hujala, namba hizo mbili huwezi kuzilinganisha.

Pili, tumia wastani. Andika namba ya kila siku kwenye daftari, mwisho wa wiki zijumlishe, gawanya kwa 7. Tuseme mama mmoja wastani wake wa wiki ya kwanza ni kilo 84.2. Wiki ya pili ni 83.7. Wiki ya tatu hedhi inakaribia, anapata 84.3. Wiki ya nne maji yametoka, anapata 82.7. Akiishia wiki ya tatu, ataapa kwamba amejitesa bure. Akifika ya nne, anaona kwamba amepungua kilo moja na nusu, yaani wastani wa nusu kilo kwa wiki. Mafuta yalikuwa yakipungua hata katika wiki ile ya tatu iliyomtisha. Kama namba za kila siku zinakusumbua moyo, jipime mara moja kwa wiki, siku ileile, saa ileile, na uhukumu baada ya wiki nne au zaidi. Na kama kupima kwenyewe kunakunyima usingizi au kunakufanya uogope chakula, weka mizani pembeni kabisa na uzungumze na mtaalamu wa lishe.

Tatu, pima kiuno. Tafuta futikamba kama ya fundi cherehani. Izungushe kiunoni, katikati ya mbavu ya mwisho na mfupa wa nyonga, toa pumzi kawaida, usiivute ikabana. Kwa mwanamke, kiuno kinachozidi sentimita 80, na kwa mwanamume kinachozidi 94, ni dalili kwamba hatari ya magonjwa kama kisukari na ya moyo imeanza kupanda. Pima mara moja kwa mwezi. Mara nyingi kiuno kinapungua wakati mizani imesimama, na mkanda unaingia tundu la ndani zaidi.

Nne, siku ya pili baada ya shughuli, ishi kama kawaida. Iwe harusi, Idi, Krismasi au hitima, ukiamka umepanda kilo moja, usijifungie chakula kwa adhabu. Kula kifungua kinywa chako, kunywa maji, kula mboga na matunda, punguza chumvi, tembea. Siku tatu nne zitatosha. Waislamu wanaofunga wanaweza kuliona hili kila mwaka: mwezi wa Ramadhani wengi hupungua kidogo, na katika wiki zinazofuata Idi sehemu kubwa ya uzito huo hurudi, kwa sababu kilichopungua hakikuwa mafuta peke yake, na ulaji nao umerudi ulivyokuwa.

Lakini lazima niseme na upande mwingine, ili mtu asije akajifariji kwa neno maji miaka yote. Mwaka 2000 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya kuwapima watu wazima 195 kabla ya sikukuu za mwisho wa mwaka na baada yake. Wengi waliamini wameongezeka sana. Kwa wastani walikuwa wameongezeka gramu 370 tu. Hofu yao ilikuwa kubwa kuliko ukweli. Ila gramu hizo chache, kwa wastani, hazikuondoka miezi iliyofuata. Na zikijirundika mwaka baada ya mwaka zinamfikisha mtu kwenye unene. Kwa hiyo sikukuu moja isikutie hofu, na sikukuu zote zisikutie usingizi. Wastani wako ukipanda wiki nne mfululizo, au ukisimama mahali pamoja wiki sita, hayo si maji tena. Huenda vijiko vya sukari vimerudi kwenye chai, au mafuta ya kupikia yameongezeka sufuriani. Huenda pia mwili wako, kwa kuwa sasa ni mdogo, unahitaji chakula kidogo kuliko ulipoanza. Hapo ndipo pa kurekebisha mpango.

Na kuna maji ambayo ni ugonjwa. Dalili ya mvua ni mawingu. Ukiongezeka zaidi ya kilo mbili ndani ya siku tatu, miguu imevimba ukiibonyeza kidole kinaacha shimo, au pumzi inakatika ukilala chali, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo, kwa sababu moyo au figo zinaweza kuwa na shida. Mjamzito akivimba uso na mikono ghafla, kichwa kikauma sana au macho yakaona ukungu, asisubiri siku ya kliniki. Hizo zinaweza kuwa dalili za kifafa cha mimba. Na anayepungua bila kukusudia, huku akikohoa, akitoa jasho usiku, au akiwa na kiu na mkojo mwingi, asipokee pongezi za kupendeza. Akapime kifua kikuu, sukari na mengine atakayoelekezwa. Wewe unayetumia dawa za sukari au presha, kabla ya kubadilisha chakula chako kwa kiasi kikubwa, mwone daktari kwanza, maana dozi nayo inaweza kuhitaji kubadilishwa.

Msikilizaji wangu, wahenga walisema kawia ufike. Kupungua nusu kilo kwa wiki hakuna picha ya kuwarushia watu, lakini kwa mwaka mmoja, hata ukipungua nusu ya mwendo huo, ni zaidi ya kilo 12, na presha yako, sukari yako na magoti yako vitaiona tofauti. Hivyo nakuomba: kesho asubuhi mizani ikipanda, andika namba, funga daftari, kula kifungua kinywa chako, uendelee na mpango wako. Usiache kwa sababu ya kilo ya usiku mmoja, na usimpe mtu pesa yako akuahidipo kilo tano kwa wiki. Subiri wiki nne, kisha ndipo uhukumu.